Siku Nne Melbourne: Mji Uliokuwa na Imla Mlangoni

Wahenga walisema tembea uone, nao hawakusema tembea na nani. Kwa hiyo nilipopata likizo yangu, na nauli niliyoidunduliza kwa miaka sita ikatimia, nilitia shanta mgongoni nikaondoka peke yangu kwenda Melbourne, mji mkuu wa jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia. Wenzangu ofisini waliniuliza naitwa kwenye semina gani. Nilipowajibu kwamba nakwenda kutazama tu, hawakuniamini, na nadhani mpaka leo hawaniamini.

Nilipanga kitanda katika hosteli ya wasafiri karibu na Soko la Queen Victoria, soko ambalo limekuwapo tangu mwaka 1878. Chumba kimoja tulilala watu wanane, kila mmoja na nchi yake, na jikoni kila mtu huandika jina lake juu ya maziwa na mayai yake kabla ya kuyatia katika friji. Mgeni asiye na fedha nyingi hununua mkate, ndizi na jibini sokoni akajipikia chai mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofanya.

Siku ya kwanza nilijifunza kutembea. Kupotea katikati ya Melbourne ni kazi ngumu, kwani mpima ardhi Robert Hoddle aliichora mitaa yake mwaka 1837 ikakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Aidha, mji huu una njia za tramu ndefu kuliko mji wowote mwingine duniani, kiasi cha kilomita 250, na tangu mwaka 2015 mtu hupanda bure akiwa katika eneo la katikati. Hali ya hewa ndiyo haina mistari. Asubuhi palikuwa na jua, adhuhuri mvua ya baridi, na alasiri jua tena. Wenyeji husema kwamba majira yote manne ya mwaka huweza kupita kwa siku moja, nami niliyapokea yote kwa sweta moja.

Jioni nilikaa kando ya mto Yarra. Wenye nchi, watu wa kabila la Wurundjeri, huuita Birrarung. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alidai kwamba amenunua ardhi hii kwao kwa mablanketi, visu na vitu vingine vya namna hiyo. Gavana wa Kiingereza aliubatilisha mkataba huo. Asidhani msomaji kwamba aliwaonea huruma wenyeji; alisema ardhi ilikuwa tayari mali ya Mfalme.

Siku ya pili niliingia katika Maktaba ya Jimbo, katika ule ukumbi wa kusomea wenye kuba kubwa uliofunguliwa mwaka 1913. Hakuna kiingilio, wala hakuna aliyeniuliza nataka nini. Kutoka hapo nilipanda hadi kwenye mnara uliojengwa kuwakumbuka waashi wa mji huu, ambao mwaka 1856 waliweka chini nyundo zao na kuandamana mpaka wakapewa siku ya kazi ya saa nane. Juu ya mnara mna namba 888: saa nane za kazi, saa nane za starehe, saa nane za kupumzika. Mimi mtumishi wa serikali nilisimama pale nikawashukuru kimoyomoyo.

Si mbali na mnara huo, ndani ya bustani za Carlton, limesimama Jumba la Maonyesho la mwaka 1880. Humo, tarehe 9 Mei 1901, ndimo Bunge la kwanza la Australia yote lilimofunguliwa. Nililizunguka jumba hilo nikilisifu, kwa kuwa sikujua bado nitakayoyasoma kesho yake.

Siku ya tatu nilikwenda katika jumba la makumbusho ya wahamiaji, lililo ndani ya Forodha ya zamani katika mtaa wa Flinders. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Bunge lile lile, katika mwaka wake wa kwanza, lilipitisha sheria ya kuwazuia watu wasio weupe wasiingie nchini. Vyama vya wafanyakazi, warithi wa waashi wale niliowashukuru, vilikuwa miongoni mwa walioitaka sheria hiyo. Nayo haikutaja rangi ya mtu. Ilitumia imla. Afisa humsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya, na mgeni akishindwa kuyaandika hurudishwa alikotoka. Lugha huchaguliwa na afisa, naye huchagua ile ambayo mgeni haijui. Mfano wa hila hiyo ulitoka katika bara letu wenyewe, katika sheria ya Natal, Afrika Kusini, ya mwaka 1897.

Mwaka 1934 alikuja kwa meli mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague, kuhutubia mkutano wa kupinga vita. Alipokatazwa kushuka, aliruka kutoka melini hapa hapa Melbourne akavunjika mguu. Kwa kuwa alijua lugha nyingi za Ulaya, walimpa imla huko Sydney kwa Kigaeli cha Uskoti. Mahakama Kuu ikaamua kwamba Kigaeli hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Wasomaji watacheka, nami nilicheka. Lakini maelfu ya wengine hawakuwa na mahakama wala magazeti ya kuwatetea.

Mimi nilisomea ualimu, na imla nimeitoa mara nyingi. Mwalimu husoma neno polepole, hulirudia, humtazama mtoto wa nyuma kama amesikia, kwa sababu anataka aandike sawasawa. Kumbe kazi hiyo hiyo iliwahi kufanywa na mtu aliyetaka mwenzake akosee. Imla ile ilifutwa mwaka 1958, na mwaka 1973 serikali ikaondoa suala la rangi katika kuwachagua wahamiaji.

Siku ya nne nilipanda treni hadi Footscray, upande wa magharibi, penye maduka ya Wavietnamu, Wahabeshi na Wasudani. Katika duka moja dogo niliona unga wa muhogo, samaki wakavu na vitenge, nikasikia Kiswahili. Mama mwenye duka alitoka Kivu, Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi kabla ya kupokewa huku. Alipojua kazi niliyosomea, alimwita binti yake wa miaka tisa aje na daftari, akaniomba nimpe imla. Nikauliza, ya Kiingereza?

“Za Kiingereza wanamupa ku masomo kila siku, mwalimu. Wewe umupe za kwetu.”

Nikamsomea maneno kumi, polepole, nikiyarudia. Alipata manane. Aliandika ng’ombe bila ritifaa, na thelathini kwa herufi s, kama kwao wanavyotamka. Nilimsahihishia la kwanza. La pili nilimwandikia pembeni, nikamwambia kwamba kosa hilo ni la kwao na lisimtie haya.

Mama yake alikataa fedha yangu ya samaki. Usiku nilifunga shanta, na samaki wale wakasafiri nami katikati ya nguo mpaka uwanja wa ndege, ambapo ilinibidi kuwaacha kwa sababu ya harufu yake. Hilo ndilo jambo pekee ninalolijutia katika safari nzima.