Wasioletwa Zahanati

Nikiwa muuguzi wa zahanati, wagonjwa wa presha niliwafahamu kwa kuletwa: huyu amepooza upande, yule miguu imevimba na pumzi hazitoshi. Mwaka 2012 nikawa mdadisi katika utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza na visababishi vyake, ulioendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani. Ndipo nilipowafuata wasioletwa.

Tuliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, waliopatikana kwa nasibu. Kwenye kaya moja ya wavuvi bibi alinishika mkono: “Mwanangu, nipime mimi, magoti yananimaliza.” Bibi nilimpima kwa heshima yake, nje ya fomu. Aliyechaguliwa alikuwa mjukuu wake, naye alikuwa baharini. Msimamizi wetu hakuruhusu kumbadilisha, na alikuwa na haki: tukiwapima tunaowakuta nyumbani mchana tu, wenye nguvu zao hawataonekana. Nikamsubiri hadi jioni.

Nilimuuliza kuhusu sigara, pombe, matunda na mboga, na chumvi anayoongeza mezani. Akatulia kitini dakika 15. Presha hupimwa mara tatu, kwa kupumzika kila baada ya kipimo, na wastani huchukuliwa wa vipimo viwili vya mwisho. Vyote vitatu vilipita 140 kwa 90, tena kwa mbali.

“Dada, mimi siumwi. Leo nimevuta nyavu tangu alfajiri.”

Alisema kweli, hakusikia maumivu yoyote. Nilimwandikia barua ya rufaa, nikakaa na mkewe tukazungumzia chumvi ya ng’onda. Asubuhi yake, kabla hajanywa hata chai, nikamtoboa kidole kupima sukari.

Matokeo yalipotoka, takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri ule alikuwa na presha ya juu, na kisukari kilikaribia asilimia 9. Daftari za zahanati yangu zisingetoa picha hiyo hata ningezihesabu zote, kwa sababu mvuvi yule hakuwa na sababu ya kuandikwa humo.

Niliporudi kazini nilibadili desturi moja. Mtu mzima anayeingia kwangu, hata kama kaja kumchanjisha mtoto, namfunga mkanda wa mashine ya presha. Huyo ambaye bado haumwi ndiye ninayeweza kumwahi.