Kiunzi cha Kwanza

Katika mtaa wetu wa Fedha ngurumo za ndege za Embakasi husikika mchana na usiku, lakini mlio wa kwato hausikiki kamwe. Mbio za farasi zilizokuwa Kariokor zilihamia Barabara ya Ngong mwaka 1954; basi kila Jumamosi mimi huvuka mji mzima kuwafuata farasi huko.

Sisi tunaojifunza kuruka tu watu wa kazi nyingine, na baada ya zoezi huketi chini ya mti na kuungama makosa yetu. Langu lilikuwa moja. Farasi alikwenda shoti vizuri, lakini tulipokikaribia kiunzi niliinamisha macho kuutazama ufito, mikono ikavuta hatamu. Akasimama ghafula, nami nikapita juu ya shingo yake nikatua mchangani. Nikamlaumu kwa ukaidi.

"Kijana," saisi akaniambia, "alisimama kwa sababu ulimwambia asimame."

Kweli, farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake. Karibu na kiunzi huwa amekwisha kumwamini mpandaji. Nilipanda tena, magoti yakitetemeka, nikakaza macho kwenye miti ya mbali, nikalegeza mikono. Tukavuka, ingawa kwato ziliugusa ufito ukaanguka. Katika mashindano ningehesabiwa makosa 4. Chini ya mti niliyataja yote manne kwa furaha.