Kupangua na Kukwepa: Funzo la Likizo ya Tiwi

Huenda ukashangaa kukuta mchezo wa video ukijadiliwa katika jarida la Kiswahili. Nami nilishangaa vivyo hivyo nilipotambua kwamba swali lililonitaabisha mwaka mzima katika tasnifu yangu lilipata jibu sebuleni kwetu, Tiwi, mbele ya runinga ya mdogo wangu.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa likizo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetoroka. Katika pambizo ya sura ya pili, msimamizi wangu alikuwa ameandika swali fupi: ushahidi uko wapi? Badala ya kulijibu, nilipangua sura na kuzipanga upya, nikaongeza nadharia, nikabadilisha hata anwani. Kila rasimu ilirudi na swali lilelile.

Mdogo wangu alikuwa akicheza Sekiro, mchezo uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Kijapani ya FromSoftware. Nilikuwa nimezoea michezo mingine ya kampuni hiyo: Dark Souls ya mwaka 2011 na Elden Ring ya mwaka 2022. Humo kimbilio langu lilikuwa kubingirika. Upanga ukija, unabonyeza kitufe, mhusika wako anabingirika, na kwa muda mfupi mno pigo humpita bila kumdhuru. Aghalabu nilisalimika, ingawa kukwepa nako kuna gharama yake. Kila mbingiriko hupunguza pumzi, na katika Elden Ring, mhusika aliyebeba mzigo uliofikia asilimia 70 ya uwezo wake hubingirika kwa kishindo na kuchelewa kuinuka.

Nilipochukua zamu yangu katika Sekiro, nilikwepa kama kawaida yangu nikauawa, nikakwepa tena nikauawa tena.

"Dada, unampumzisha adui," mdogo wangu akaniambia. "Simama umpangue."

Alikuwa na haki. Katika mchezo huo, adui ana vipimo viwili: uhai wake na uthabiti wa msimamo wake. Ukikutanisha upanga wako na wake katika nukta ileile pigo linapofika, hudhuriki, na msimamo wake hutikisika. Ukizidi kufanya hivyo, msimamo huvunjika na hapo ndipo unapopata nafasi ya kummaliza. Lakini ukimkimbia, anatulia na kurejesha uthabiti wake. Usalama unaoupata kwa kukimbia ndio unaompa yeye nguvu.

Usiku huo umeme ulipokatika, nilibaki nikiyawaza maneno. Kiswahili hakichanganyi matendo haya. Anayekinga huweka kitu kati yake na pigo. Anayekwepa huondoa mwili. Anayepangua hulielekeza pigo kwingine, kama mlinda lango anavyopangua mkwaju. Mabingwa wa kirumbizi wa Lamu, wanaopambana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikirindima, huhitaji yote matatu: fimbo ya kukinga na kupangua, miguu ya kukwepa.

Tena, si fimbo pekee. Tasnifu yangu inahusu majibizano ya washairi, hususan Muyaka bin Haji wa Mombasa na wenzake wa Lamu, zama za uhasama uliozaa vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anayejibu kwa bahari na vina vya mpinzani wake amesimama palepale pigo lilipoangukia na kuligeuza. Nilikuwa nikiandika juu ya watu waliojibu, ilhali mimi mwenyewe nilikwepa swali la maneno matatu.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kwamba kusimama daima ni ushujaa na kukwepa daima ni uoga. Katika Sekiro, alama nyekundu ikitokea, mchezaji huonywa kwamba pigo lijalo halikingiki kwa njia ya kawaida. Adui akinyosha mikono kukukamata, hakuna upanga utakaokufaa, sharti uondoke. Msingi ni kulitambua pigo kabla ya kuchagua jibu.

Asubuhi yake nilifungua sura ya pili. Nilikuwa nimetoa madai mawili. La kwanza lilikuwa kwamba baadhi ya mashairi yalitungwa kujibu mengine. Hilo lingeweza kuthibitishwa kwa kulinganisha vina, taswira na matukio yanayotajwa, nami nilikuwa nimeona uvivu wa kufanya kazi hiyo. La pili lilihusu nia iliyofichika moyoni mwa mtunzi. Hilo sikuwa na namna ya kulithibitisha. Nililifuta, kisha nikatumia wiki mbili zilizosalia kulinganisha mashairi, ubeti kwa ubeti.

Sura ilirudi tena, na pambizoni mna maswali mapya. Safari hii nimeanza kuyajibu moja moja, kwa utaratibu yalivyoulizwa.