Kamba Ndefu za Rochefort

Rochefort ni mji mdogo wa magharibi ya Ufaransa, kando ya mto Charente, si mbali na bahari ya Atlantiki. Wageni wengi huja kutazama jengo moja refu la mawe liitwalo Corderie Royale, yaani kiwanda cha kamba cha mfalme. Sisi wauguzi tuliofika huko pamoja tulilitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, na miguu yetu ikashuhudia urefu wake: mita 374.

Mfalme Louis XIV alitaka merikebu za vita, na merikebu ya matanga haiendi popote bila kamba. Ujenzi ulianza mwaka 1666 ukamalizika 1669. Kwa kuwa ardhi ya hapo ni kinamasi, jengo lilisimamishwa juu ya magogo ya mwaloni yaliyolazwa kama chelezo. Mwaka 1944 Wajerumani walilichoma moto walipokuwa wakiondoka, lakini baadaye lilikarabatiwa vizuri.

Kwa nini liwe refu hivyo? Kamba kubwa ya meli ilifikia karibu mita 200, na kamba inaposokotwa hupungua urefu kwa karibu theluthi moja. Basi ilibidi nyuzi zinyoshwe mita 300 hivi, tena ndani ya nyumba, zisinyeshewe.

Hapo ndipo tulipoona jinsi Wafaransa walivyo na jina kwa kila hatua. Uzi ni fil. Nyuzi nyingi zikisokotwa pamoja huitwa toron. Toron tatu zikisokotwa kuelekea upande mwingine huwa aussière, na aussière tatu zikiunganishwa huwa grelin. Kila hatua hugeuza upande wa msokoto, ili uzi unapotaka kufumuka ubanwe na wenzake.

Mjini nako kuna majina yake. Kamba nyembamba ya kufungia vifurushi ni ficelle, na waoka mikate huuita hivyo hivyo mkate wao mwembamba. Kamba ya viatu ni lacet. Ya kuanikia nguo ni corde, neno ambalo mabaharia wa Kifaransa kwa desturi hawalitamki melini, isipokuwa kwa kamba ya kengele. Kiswahili chetu nacho si maskini: tuna uzi, ugwe, kamba, gidamu ya kiatu, na amari ya nanga.

Neno lililotugusa zaidi ni cordon, mtoto wa neno corde. Cordon ombilical ni kitovu, ule ugwe unaomuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Mama wa Bujumbura au Lubumbashi huenda akalisikia katika chumba cha kuzalia. Ugwe huo una mishipa mitatu ya damu, miwili ya ateri na mmoja wa vena, nayo imejisokota kama kamba ya Rochefort. Urefu wake ni kama sentimita 50 tu, lakini ndio unaombebea mtoto chakula na hewa miezi yote ya mimba. Mji huohuo ulifungua shule ya udaktari wa majini mwaka 1722, kwa maana meli iliyokuwa na kamba imara bado ilihitaji watu wenye afya.

Akina mama wapendwa, baharia alichunguza kamba yake kwa sababu uhai wake ulining'inia hapo. Nasi tuuchunguze uzi unaofunga kitovu. Uwe safi, uliotakaswa, au kitumike kibanio cha hospitali. Na wembe uwe mpya. Kidonda kiachwe kikavu. Majivu, udongo au mavi ya ng'ombe huweza kuleta pepopunda, nayo humuua mtoto kwa siku chache. Mjamzito apate chanjo ya pepopunda kliniki, na ajifungue mbele ya mhudumu aliyefunzwa. Uzi ni kitu kidogo, lakini siku ile ndio unaoshika uhai wa mwanao.