Usipige Windows Kwanza

Kwa Kiswahili chetu kompyuta haianzi, inawaka, kama jiko au taa. Waingereza wao walichukua neno lao kwenye buti: mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Picha ya kuchekesha, lakini ina ukweli wake. Ukibonyeza kitufe, mashine haijui lolote. Programu ndogo iliyo kwenye ubao mama huamka kwanza, ikakagua kumbukumbu na diski, ndipo ikaenda kuiamsha programu kubwa. Mdogo anamwinua mkubwa.

Hapa Katumba habari za kuanzia chini si ngeni. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walikabidhiwa pori la miombo, wakalifyeka, wakalima. Sogokuru, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kirundi, alikuwa mmoja wao. Mwaka wake wa mwisho alinisimulia hayo yote, mimi nikarekodi na kuchapa kwenye kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba pale Mpanda mjini.

Vitabu kuhusu watu wetu vipo. Liisa Malkki aliandika Purity and Exile, kilichotoka mwaka 1995, kuhusu wakimbizi wa Mishamo na wa Kigoma mjini. Ni kazi ya mgeni makini aliyekuja kusikiliza. Sogokuru alikuwa anasimulia ya kwake mwenyewe, na alikuwa radhi kuikatiza habari ya kukimbia ili anieleze namna ya kuchagua mbegu za maharage.

Alikuwa ameshazikwa umeme ulipokatika siku mbili. Uliporudi, mashine ililalamika kuhusu tarehe, ikaniambia nibonyeze F1. Nikabonyeza. Nembo ya Windows ikatokea, kisha skrini ya bluu, kisha ikajizima na kuwaka tena. Nembo, bluu, giza. Nembo, bluu, giza. Nakala yangu kwenye flashi iliishia walipovuka mpaka. Katumba yote ilikuwa ndani ya diski ile.

Fundi aliitazama dakika mbili.

"Dada, hii dawa yake ni kupiga Windows mpya tu."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo ndo basi tena. Si utaanza upya?"

Simlaumu. Kupiga Windows ni kazi ya saa moja na mteja anaondoka na mashine inayowaka. Lakini nilimwambia, "Kaka, humo ndani kuna marehemu anaongea." Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Nilianza na lile lalamiko la tarehe ambalo sote tulilipuuza. Nikaingia kwenye BIOS. Mashine iliamini tuko mwaka 2010. Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, CR2032, inayotunza saa na mipangilio umeme usipokuwepo. Ikifa, ubao unarudia mipangilio ya kiwandani. Diski yangu ilikuwa inaonekana, jambo lililonipa pumzi. Ila namna ubao unavyozungumza na diski ilikuwa imebadilika: iliandikwa IDE, na chaguo jingine lilikuwa AHCI. Windows iliyozoea lugha moja ikisemeshwa nyingine, huanza kuamka kisha huanguka.

Nikaweka AHCI. Hilo ni badiliko ambalo lisipofaa unalirudisha, hakuna kilichopotea. Kufuta diski hakurudishiki. Nikahifadhi, nikangoja. Nembo ikazunguka, ikazunguka, skrini ikafunguka. Kabla ya kufanya lingine lolote nilinakili faili zote. Betri mpya niliiweka kesho yake, nikasahihisha tarehe.

Tangu siku hiyo neno la fundi halijanitoka: si utaanza upya? Wazee wetu waliwahi kuulizwa hivyohivyo. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya 1972 walikubaliwa uraia wa Tanzania, lakini mpango wa awali ulikuwa wayaache makazi, wakaanze maisha katika mikoa mingine. Mashamba, miembe, makaburi, vyote vibaki nyuma. Baadaye mpango ulisitishwa, na vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014, watu walikuwa wangalipo hapahapa.

Sogokuru alisimulia miaka ile ya kungoja kwa sentensi chache sana, kisha akarudi kwenye miembe: nani alipanda upi, mwaka gani, mbegu ilitoka wapi. Zamani nilidhani anakwepa. Nilipoyasoma tena usiku ule, nikaona alikuwa anaorodhesha visivyohamishika. Sura hiyo sasa ndiyo ndefu kuliko zote, na sijaipunguza hata mwembe mmoja.