Likizo Iliyokataa Kwisha

Barabara itokayo Bukavu kwenda kaskazini huacha nyuma yake kiwanda cha bia na nyumba za Bagira, ikapanda na kuteremka katika migomba, hata kufika Mudaka. Mbele yake ziko Miti na Kavumu. Msafiri mwenye haraka huiona Mudaka kama soko tu: akina mama wameketi mbele ya mafungu ya maharagwe, mihogo, ndizi na sambaza waliokaushwa juani, na vijana wa pikipiki wakigombania abiria. Hushusha kioo cha gari, hununua ndizi, huenda zake. Sisi tumeijua Mudaka kwa miguu, na kwa miguu mambo huwa mengine.

Ukitoka barabarani na kushika njia ya udongo mwekundu, makelele ya soko hukoma upesi kuliko unavyodhani. Upande wa magharibi wasimama mlima Kahuzi, mita 3,308, mara nyingi umejifunika wingu tangu asubuhi. Upande wa mashariki, mahali migomba inapoacha nafasi, waliona Ziwa Kivu likimetameta chini kabisa. Wenyeji ni Bashi, watu wa Mwami wa Kabare. Udongo wao ni mzuri, lakini kila baba amegawia wana wake shamba alilogawiwa na baba yake, hata leo shamba la jamaa nzima laweza kuwa dogo kuliko kiwanja cha mpira. Jambo hilo msomaji alikumbuke, kwa kuwa ndilo linalowafanya wazazi wa Mudaka kutazama shule kama watu wengine wanavyotazama urithi.

Katika miezi ya masomo Mudaka ni mji wa akina mama na watoto wadogo. Likizo ikija, hujaa vijana. Wanatoka Bukavu, penye vyuo vikuu, na wengine Katana na Kavumu, kila mmoja na begi lake, kila mmoja na maneno mapya ya Kifaransa, na kila mmoja na mipango. Tumekuwa mwalimu miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mipango ya likizo ndiyo sehemu ya elimu ambayo hakuna anayeifundisha.

Twataka kusimulia habari za kijana mmoja wao, ambaye tulimfundisha katika shule ya sekondari. Jina lake halina haja hapa. Mudaka watamtambua, na penginepo wako wengi wafanano naye. Mwaka 2020 alikuwa na umri wa miaka 21, mwanafunzi wa kilimo mjini Bukavu, mwana wa kwanza wa mama mjane. Tulipomtembelea siku chache kabla ya Noeli alitupa kiti, yeye akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akatuonyesha daftari.

Ukurasa wa kwanza aliandika kwa mwandiko mzuri mambo atakayoyafanya katika likizo. Asome riwaya ya Chinua Achebe mpaka mwisho, kwa maana alikuwa ameianza mara tatu. Ajifunze Kiingereza kila siku nusu saa kwa redio. Amalize kujifunza gitaa, hata aweze kuiongoza kwaya bila kutazama vidole vyake. Apande kabichi 300 katika kipande cha ardhi alichopewa na mama yake, aziuze, apate sehemu ya minervali ya mwaka. Acheze mpira siku ya Jumapili tu. Aache kulala mchana.

Tulicheka, naye akadhani twamdharau. Kumbe tulikumbuka likizo zetu wenyewe za seminari ndogo, tulipopewa karatasi ya kupelekewa paroko, ili aandike kama tumeamka mapema, kama tumesaidia wazazi, kama tumekaa na rafiki wema. Twakiri kwamba karatasi ile ilitufanya tuamke mapema siku mbili za mwisho.

Mwaka ule haukuwa wa kawaida. Kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, shule na vyuo vya Kongo vilifungwa Machi 2020, na mwaka mpya wa shule ukaanza tarehe 12 Oktoba, mwezi mmoja na zaidi baada ya desturi. Watoto walikuwa hawajazoea tena kengele, ndipo tarehe 18 Desemba serikali ikafunga tena shule na vyuo. Watu wakakatazwa kutembea tangu saa tatu ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Sherehe zilikatazwa, na mechi zenye watazamaji pia. Misa ya usiku wa Noeli ilisomwa jua likiwa bado halijatua vizuri, na watoto wakauliza kama Yezu amezaliwa mchana mwaka huo.

Basi likizo ya majuma mawili ikageuka likizo isiyo na tarehe ya mwisho. Hapo ndipo tulipojifunza kitu. Tulidhani kijana mwenye mipango mingi angefurahi kupewa wakati zaidi. Haikuwa hivyo. Alituambia, "Mwalimu, nilipokuwa na majuma mawili niliamka saa kumi na mbili. Sasa sijui ninaamkia nini."

Msomaji aliye mzazi na atazame hali ya kijana wa namna hii. Mjini anaitwa mtu mzima: hupika mwenyewe, hujua bei ya chumba, hubishana na wakubwa juu ya mambo ya nchi. Nyumbani hurudi kuwa mtoto katika saa moja. Mama humtuma maji. Mdogo wake huchana ukurasa wa daftari lake kuwashia moto. Mjomba huja Jumapili, hunywa kasiksi yake polepole, kisha huuliza mbele ya watu, "Injinia wetu, utamaliza lini?" Na yule injinia hana hata faranga za kuchaji simu pale kwenye kibanda chenye sahani ya jua. Wala hakuna aliyemkosea. Mama hawezi kuacha kuchota maji kwa sababu mwanawe amesoma kemia, na mjomba auliza kwa mapenzi. Lakini tulimwona kijana akitoka nje mara tatu katika mazungumzo yale, kana kwamba mbuzi wamefunguka, na jamaa ile haikuwa na mbuzi hata mmoja.

Gitaa ilikatika uzi mwanzoni mwa Januari, na uzi wapatikana Bukavu tu, nayo nauli ya siku zile za sikukuu ilikuwa imepanda. Kiingereza kilikwenda vizuri mpaka betri za redio zilipoisha. Mpira wa Jumapili ukawa wa kila siku, jambo ambalo hatulilaumu. Vijana hamsini wasio na kazi, uwanja wenye mteremko hata timu inayocheza kwenda juu hutafuta mapumziko mapema, twasema ule mpira uliwalinda na mengi. Na Achebe alisomwa wote. Alikuja kwetu saa ya jioni, akiwa amekasirika sana kwa kifo cha Okonkwo, akataka kubishana. Tulibishana naye hata saa tatu ikakaribia, akakimbia kurudi kwao kabla ya askari.

Zikabaki kabichi. Hizo alizitunza kweli. Alizipanda kwa kamba, kila mche na nafasi yake, akazimwagilia majivu kwa ajili ya wadudu, akaandika katika daftari kila siku aliyopalilia. Kwa wadogo zake, wenye simbilisi zao jikoni, vile vijinyama visivyo na mkia ambavyo watoto wa Kivu hufuga na kuviuza wapate madaftari na kalamu, alikuwa mtu mkubwa tena. Nao walimwuzia samadi kwa mkopo.

Lakini ni nani mwingine aliyekuwa nyumbani Mudaka, Miti na Kavumu, bila masomo, akiwa na kipande cha ardhi na mawazo ya minervali? Wote. Katikati ya Februari kabichi zilishuka sokoni kama mvua. Mama mmoja muuza mboga alitucheka, "Mwalimu, umewafundisha wote somo moja!" Kijana wetu aliuza nusu kwa bei ya kusikitisha. Nyingine walikula nyumbani, na nyingine tukala sisi.

Shule na vyuo vilifunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Siku hiyo tuliona begi zikipita barabarani tangu alfajiri. Lake halikupita.

Twapaswa kueleza sasa habari ya mtamba. Mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja jike ambaye hajazaa, aliyeachwa na marehemu mumewe. Kwa Bashi ng'ombe si nyama wala maziwa tu. Ndiye anayesema neno kwa wakwe siku ya posa. Mtamba yule alikuwa amewekwa kwa ajili ya kijana mwenyewe, atakapooa. Sasa mama akataka kumwuza ili mwanawe arudi masomoni. Kijana akakataa kabisa. Alisema hawezi kula kitu cha mwisho alichoacha baba yake. Walinyamaziana siku nne katika nyumba yenye vyumba viwili. Na anayejua nyumba za namna hiyo ajua kwamba kunyamaziana humo ni kazi ngumu.

Wakati ule ule ikaja habari ya Luhihi. Luhihi nayo ni nchi ya Kabare, karibu na ziwa, na tangu 2020 watu walichimba dhahabu huko. Mwishoni mwa Februari 2021 ukasikika uvumi wa kilima ambacho udongo wake wenyewe una dhahabu. Picha za video zilizunguka ulimwengu mzima: umati wa watu ubavuni mwa kilima, wengine wenye sepetu, wengine wakikwangua kwa mikono mitupu, wakijaza mifuko, kisha wakiosha udongo katika mabeseni majumbani mwao. Watu wa Ulaya na Marekani walitazama wakastaajabu. Sisi tulitazama tukitafuta sura tuzijuazo.

Kijana wetu alitoka nyumbani usiku bila kuaga, pamoja na rafiki yake mmoja, kwa miguu. Mama yake alikuja kwetu asubuhi. Hakulia. Aliketi, akasema tu, "Amechukua beseni langu la sambaza."

Alikaa huko siku tatu. Alitusimulia baadaye kwamba mtu hakuweza kuinama bila kukanyagwa, kwamba maji ya kunywa yaliuzwa kama dawa, na kwamba aliwaona huko watoto wawili wa darasa letu. Mwanzoni mwa Machi serikali ya jimbo ikasimamisha uchimbaji, ikaamuru wote waondoke ili wachimbaji waandikishwe. Alirudi na mfuko mmoja wa udongo begani. Aliuosha nyuma ya nyumba, mama akishika beseni upande wa pili. Hawakusemezana bado, lakini beseni kubwa lataka watu wawili. Mwisho wakapata punje chache za kung'aa, ambazo mnunuzi alizipima kwa mzani mdogo kama wa kuchezea. Zilitosha kununua uzi wa gitaa, betri na nauli ya Bukavu. Minervali hazikugusa.

Rafiki yake hakurudi Mudaka. Alikwenda moja kwa moja Nyabibwe, kwenye machimbo ya kasiteriti, na tangu siku hiyo shule haikumwona tena.

Juma lililofuata mtamba aliuzwa. Tulikuwapo. Mama alimwongoza mwenyewe mpaka barabarani, akampa mnunuzi kamba, akahesabu fedha mara mbili bila haraka. Kijana alisimama karibu na migomba, akiwa na begi tayari. Hatujui alimwambia mama yake nini, kwa maana tulitazama upande wa Kahuzi kwa makusudi.

Alimaliza masomo mwaka 2024, mwenye karatasi nzuri na bila kazi, kama wenzake wengi. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu, na kwa muda hatukuthubutu kupita njia ile. Tulipopita tena tulimkuta shambani. Alikuwa na kabichi, lakini changa kabisa, wakati majirani zake walikuwa wakiuza. Alieleza kwamba sasa hupanda baada ya watu wote, akasubiri soko liwe tupu. Tulimwuliza kama hilo alifundishwa chuoni. Akasema hapana, alifundishwa na likizo ile.

Mama yake akatuletea viti, na daftari likatoka ndani, limeliwa na panya pembeni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama ya kuonyesha jambo limefanyika mbele ya Achebe, na nyingine mbele ya gitaa. Kiingereza kilibaki bila alama. Chini ya yote, kwa kalamu ya rangi nyingine, aliongeza mstari mmoja: Kumrudisha ng'ombe wa mama.

Tukamwuliza mtamba mzuri ni bei gani sasa sokoni. Akatutajia, mama yake akasema ni ghali mno, yeye akasema yuko mmoja Miti anayeuzwa kwa bei nafuu, ila pembe yake moja imevunjika. Wakabishana juu ya pembe ile mpaka mvua ilipotukimbiza sote ndani.