Kanisa la Zamani la Kigango Tulifanyie Nini?

Katika kigango kimoja cha upande wa Kibaigwa, ambako nimefanya sehemu ya mwaka wangu wa kichungaji, kanisa jipya limeshaezekwa na lile la zamani bado limesimama hatua thelathini kando yake. Jina la kigango silitaji, kwa sababu neno la mwisho halijatoka kwa Baba Askofu. Jengo la zamani lilijengwa na waamini wenyewe kwa tofali za kuchoma, siku zile za vijiji vya ujamaa. Bati limetoboka na sakafu imepasuka, lakini kuta ni nzima. Mwanzoni nilidhani jambo hili lingemalizwa kwa kikao kimoja baada ya Misa. Lilichukua miezi mitano.

Anayeifahamu Kibaigwa anajua kilichofuata. Soko la mahindi pale ni kubwa, malori yanapakia usiku na mchana kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, na nafasi ya kuhifadhia magunia inatafutwa kama maji ya Oktoba. Haikupita wiki mbili tangu Misa ihamie jengo jipya, dalali mmoja akafika kwa mwenyekiti wa kigango na pendekezo: wampangishe jengo kwa msimu, alipe nusu mkononi, na paa atengeneze yeye. Kwa kigango chenye deni la mabati ya kanisa jipya, hilo si neno la kupuuza. Wengine walikuwa na mawazo yao. WAWATA walitaka darasa la chekechea. Vijana wa VIWAWA walitaka ukumbi. Wazee wawili watatu hawakutaka chochote; walitaka libaki kama lilivyo, mlango ufungwe na ufunguo akae nao katekista.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kelele. Mtu akasema tupige kura tumalize. Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono, dalali akashinda kwa mikono michache, na walioshindwa wakatoka nje bila kuaga. Paroko alipopelekewa habari alikumbusha jambo ambalo sisi waseminari tunalisoma darasani na kulisahau tukifika vijijini: halmashauri ya kichungaji ina kura ya ushauri tu, Kanuni 536 inasema hivyo. Kwa hiyo kura ile haikuwa imeamua kitu. Akawaambia wakae tena, na safari hii wasikilizane kwanza.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikupategemea. Katika nyumba ya wageni jirani na soko alikuwa amepanga mnunuzi wa mahindi kutoka magharibi ya Kenya, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye Jumapili alikuja kusali nasi kwa sababu kanisa lake halipo Kibaigwa. Yeye ni wa Marafiki, wale ambao kwa Kiingereza huitwa Quakers. Jioni moja nilimsimulia habari ya mikono iliyonyoshwa. Akacheka kidogo. "Frateri, sisi kwetu hatupigi kura kabisa. Hata tukijenga choo."

Nilianza kusoma habari zao, na nimekuta mengi ambayo Mkatoliki wa Afrika Mashariki angefaa kuyajua. Marafiki walianza Uingereza katika karne ya 17 pamoja na George Fox. Kwao kanisa ni watu, kwa hiyo nyumba wanamokusanyika hawakuiita kanisa bali nyumba ya mkutano. Haina altare wala haitabarukiwi. Kwa desturi yao ya zamani waamini hukaa kimya kwenye mabenchi mpaka mmoja asukumwe na Roho kusema. Nyumba yao ya Hertford, Uingereza, ilijengwa mwaka 1670 na mpaka leo watu wanakutana humo. Huku kwetu, mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotangaza mwisho wa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza waliwatuma Theodore Burtt na Henry Stanley Newman kwenda kutazama hali ya watumwa waliopata uhuru. Walinunua shamba la Banani, Pemba, ili watu hao wapate kazi ya ujira, na mwaka uliofuata Newman alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, na kutoka pale imani hiyo ikaenea hata Kenya ikawa nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani. Wengi wao leo wana wachungaji, kwaya na mahubiri, na ukimya wa zamani umepungua. Lakini namna ya kuamua mambo imebaki.

Namna hiyo ni hii. Kikao hakina mwenyekiti wa kutetea upande, kina karani. Kazi ya karani ni kusikiliza, kisha kuandika pale pale maneno machache anayoona ndiyo mahali kikao kilipofika, na kuyasoma kwa sauti. Kama wapo ambao hawawezi kuyakubali, yanaandikwa upya, au jambo linaahirishwa. Anayepinga anaweza kuomba pingamizi lake liandikwe na kuwaacha wengine waendelee. Katikati ya maneno makali karani huomba kimya. Marafiki wa Uingereza, wanapokuwa wachache katika mji fulani na kuona nyumba yao ya mkutano imewazidi ukubwa, hukaa hivyo kuamua kama wauze, wapangishe, au wagawane na wengine. Inaweza kuchukua miaka. Nimeona wanavyoumia wanapolazimika kuuza, na jambo hili limenigusa: watu ambao katika mafundisho yao jengo si takatifu hulia kwa ajili yake kama bibi zetu wanavyolia.

Hapa lazima niseme ninapoachana nao. Sisi tunatabaruku. Tunaamini kwamba kuta zile, zikishabarikiwa na kutengwa kwa ajili ya ibada, zimeingia katika hali nyingine, na hazitoki katika hali hiyo kwa sababu tu kamati imechoka kuzifagia. Swali la kwanza kwa kigango kile, kabla ya dalali na chekechea, lilikuwa hili: je, jengo lile lilibarikiwa kama kanisa, au lilikuwa banda la kusalia tu? Kanuni 1208 inaagiza hati ya kutabaruku au kubariki iandikwe na kutunzwa, nakala moja katika ofisi ya Jimbo na nyingine katika kumbukumbu za kanisa lenyewe. Tulitafuta. Daftari la kigango lilikuwa limeliwa na mchwa kuanzia nyuma kwenda mbele, mpaka katikati ya orodha ya ubatizo.

Kwa bahati kanuni inayofuata, ya 1209, ni ya huruma sana. Inasema shahidi mmoja asiye na shaka anatosha kuthibitisha, mradi hakuna anayeumizwa. Shahidi huyo tulikuwa naye: bibi mmoja wa Kigogo anayekaa nyuma ya kanisa, ambaye anasikia vizuri kuliko anavyoona. Nilikwenda kwake na katekista. Alitukaribisha kwa "mbukwenyi", akatuletea vigoda, kisha akasimulia bila kusita: Askofu alifika na vumbi la safari, akazunguka nje akinyunyizia maji kuta, akaingia, akapaka kuta kwa kidole, na yeye bibi ndiye aliyemshikia beseni la kunawia. Nikamuuliza kama ana hakika kwamba alipaka kuta. "Mjukuu wangu, yale mafuta yalikuwa na harufu nzuri. Maji hayana harufu." Nikafunga daftari. Kwa hiyo ni kanisa, na ni Kanuni 1222 inayolihusu: Askofu wa Jimbo, baada ya kuisikiliza halmashauri ya mapadre, aweza kuliachia litumike kwa matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu, kukiwa na sababu nzito, wenye haki wakikubali, na bila hasara kwa roho za watu. Altare haipotezi wakfu wake kwa sababu jengo limebadilishwa matumizi. Ya kwetu, meza ya mninga, imehamia kwenye sakristia mpya.

"Yasiyo ya aibu." Maneno hayo matatu tuliyajadili kuliko yote. Je, ghala la mahindi ni aibu? Mwaka 2018, huko Roma, Baraza la Kipapa la Utamaduni liliitisha mkutano kuhusu makanisa yaliyoachwa, na mengi ya Ulaya yaliyokuwa akilini mwao yamekuwa mikahawa na kumbi za muziki. Shida yetu ni tofauti kabisa. Wao wamepungukiwa na watu, sisi tumelizidi jengo. Lakini tahadhari yao inatufaa: matumizi mapya yafanane, kadiri inavyowezekana, na lile kusudi la mwanzo, na jamii iliyojenga isikilizwe.

Kusikilizwa ni neno zito katika wilaya hii. Kongwa inakumbuka ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, uliopangwa London kwa ramani na hesabu, bila kumuuliza Mgogo lini mvua hukatika na udongo wake hukauka vipi. Januari 1951 walikiri umeshindwa. Waliacha nyumba, mitambo na barabara. Kisha, jambo ambalo hakuna mpangaji wa London angeliota, mwaka 1964 eneo lile likawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO, SWAPO, ANC na wengine. Samora Machel alipita hapo. Siku hizi nikipita Kongwa huwa nawaza kwamba mahali pale palipata kazi nzuri kuliko ile iliyokusudiwa, kwa sababu tu palikuwa bado pamesimama wakati ulipofika.

Kikao cha pili tulikiendesha kwa namna ya karani. Paroko alikubali, akisema haikuwa ngeni sana: Sinodi ya 2023 na 2024 kule Roma ilitumia mazungumzo katika Roho, yenye vipindi vya kimya baada ya watu kusema. Katibu wa kigango, mwalimu mstaafu, alipewa kalamu. Tulianza kwa somo na dakika tano za kimya, ambazo vijana waliziona ndefu mno. Dalali alialikwa naye akaeleza vizuri, bila hila. Baada yake ukimya tena. Kisha akasema mama mmoja ambaye katika kikao cha kwanza hakufungua kinywa.

Alisema yeye huuza mahindi yake mwezi Juni kwa sababu hana pa kuyaweka, na mwezi Januari huyanunua tena, pengine yale yale, kwa bei karibu mara mbili. Wanaomuuzia ndio waliomnunulia, kwa gunia la lumbesa. Sasa kanisa lake litapangishwa kwa watu wale wale? Kama ni kuweka mahindi, kwa nini yasiwe yake?

Hakuna aliyejibu kwa muda. Katibu hakuandika. Nadhani pale ndipo jambo lilipogeuka, ingawa ugomvi haukuisha. Mwalimu wa VIWAWA alisema vijana wanasahauliwa tena. Fundi mmoja alikumbusha kwamba ghala si kuta tu: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yakiwekwa kwenye sakafu yenye unyevu chini ya bati linalovuja, tutakuwa tumewawekea watu sumu ndani ya nyumba iliyobarikiwa. Akataja yanayotakiwa: sakafu mpya, chaga za mbao ili magunia yasiguse chini wala ukuta, madirisha yenye wavu, mahindi yakaushwe vizuri kwanza juu ya turubai. Gharama ikapanda. Dalali, kwa heshima yake, alisema yeye hawezi kusubiri hayo, akaaga.

Ilichukua vikao vingine viwili. Maneno ambayo katibu alisoma mwishoni ni kwamba kigango kinaomba jengo liwe ghala la jumuiya ndogo ndogo, kila familia iweke magunia yake kwa ada ndogo ya kulipia mlinzi na dawa. Kwamba sehemu ya mbele, ilipokuwa altare, ijengewe ukuta na kuwa chumba cha katekesi na chekechea. Na kwamba vijana watumie uwanja kati ya majengo mawili. Mzee mmoja aliomba iandikwe kwamba yeye hakubaliani, angependa lifungwe. Iliandikwa, jina lake na sababu yake. Siku ya kuanza kubomoa sakafu ya zamani alikuja na jembe la sururu, akafanya kazi mpaka mchana, na bado anasema hakubaliani.

Mimi mwenyewe naona chumba cha chekechea ni kidogo mno. Nilisema, na nikasikilizwa, na kimebaki kidogo.

Sakafu tumeitengeneza kwa sababu ilikuwa inatakiwa kwa vyovyote. Magunia hayataingia kabla ya jibu. Barua kwa Baba Askofu ni kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono na katibu. Imeambatana na ushuhuda wa bibi, ambao katekista aliuandika na yeye akautia dole gumba. Paroko ameongeza ya kwake. Halmashauri ya mapadre itaisikiliza itakapokaa. Yule mnunuzi kutoka Kenya alirudi mwezi uliopita kupakia mzigo, akauliza tumefika wapi. Nilipomwambia bado tunasubiri, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kuhesabu magunia yake.